Mgonjwa wa Parkinson Asiachwe Kitini

Kuna ugonjwa unaoingia nyumbani bila kupiga hodi. Hauleti homa, hauachi jeraha, wala haumlazi mtu kitandani kwa usiku mmoja. Baba aliyekuwa akifunga kamba za viatu vya kazi huku filimbi ya gwaride ikilia huanza kuhangaika na fundo moja kwa dakika tano. Mkono wa upande mmoja huacha kupunga anapotembea. Akikaa kimya, kidole gumba na kidole cha shahada husuguana vyenyewe, mithili ya mtu avingirishaye kipande cha udongo. Sauti hushuka. Maandishi husinyaa, hata karani wa pensheni akaitilia shaka saini yake. Ndipo majirani huanza kunong'ona: huyu anakunywa kwa siri, huyu ametupiwa jambo, huyu uzee umemwahi.

Yawezekana si pombe, wala si uchawi, wala si uzee mtupu. Dalili hizo ni za ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Jina lenyewe lilienezwa baadaye na daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot wa Paris. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, wanaume kuliko wanawake, ingawa wako wanaouanza kabla ya miaka 50.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33 katika wakazi wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao tu, kila mmoja katika kona yake ya nyumba.

Habari za leo zinahusu jambo ambalo kila familia yaweza kulifanya kwa mgonjwa wa namna hii, pamoja na dawa atakazopewa na daktari. Jambo hilo ni mazoezi ya viungo.

Amri isiyofika kwa askari

Ili mazoezi yafahamike, yafaa kwanza ugonjwa ufahamike. Ndani ya ubongo, chini kabisa, mna chembe ndogo zenye rangi nyeusi zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kazi moja kubwa ya dopamini ni kupeleka mbele amri za mwendo. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa imekwisha kupotea.

Hali hiyo ni kama ya kikosi chenye askari wazima na silaha kamili, lakini simu ya makao makuu imeharibika. Amri hufika imechelewa, au hufika nusu. Misuli ya mgonjwa haikufa. Mifupa yake haikuvunjika. Ila akikusudia kupiga hatua ya mita nzima, mguu hupiga nusu mita, na ubongo wake mwenyewe humdanganya kwamba hatua ilikuwa kamili. Ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba anasema kwa sauti ya kutosha, na wanaomsikiliza hawasikii neno.

Mambo manne ndiyo alama kuu: kutetemeka kiungo kinapopumzika, kukakamaa kwa misuli, uzito wa kuanza na kuendeleza mwendo, na baadaye kupoteza mizani ya mwili. Si kila atetemekaye ana Parkinson. Wako ambao mikono hutetemeka wanaposhika kikombe na hutulia ikipumzika; huo mara nyingi ni ugonjwa mwingine. Isitoshe, ziko dawa, kama baadhi ya zile za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika, zinazoweza kuleta dalili zifananazo na hizi. Kwa hiyo hapana budi daktari amwone mgonjwa kwanza, na aonyeshwe dawa zote anazotumia.

Lipo jambo moja la kutia moyo. Mwendo wa mazoea, ule ambao mtu hutembea bila kufikiri, ndio unaoharibika zaidi. Lakini mwendo wa kukusudia, ule ambao mtu huufikiria hatua kwa hatua au huufuata kwa hesabu, kwa mlio au kwa alama ya macho, hupita katika njia nyingine ya ubongo, na njia hiyo mara nyingi ingali nzima. Mtu aliyekwama mlangoni kama gogo aweza kupanda ngazi bila shida, kwa sababu kila kipandio kinamwonyesha pa kuweka mguu. Sehemu kubwa ya tiba ya viungo kwa ugonjwa huu imejengwa juu ya jambo hilo.

Mapenzi yanayodhuru

Mfano wa nyumba nyingi ni huu. Sajini mstaafu wa polisi, mwenye umri wa miaka 66, ameanza kutetemeka na kutembea kwa kuburura miguu. Siku moja ameanguka uani mbele ya wajukuu. Tangu siku hiyo mkewe amemwekea kiti barazani. Chai huletwa pale, maji ya kunawa huletwa pale, na shati hufungwa vifungo na binti yake. Akitaka kuinuka huambiwa, "Kaa, Baba, utaanguka. Sema unachotaka, utaletewa." Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu wote wa nyumba ile wanampenda.

Baada ya miezi sita mzee huyo hawezi tena kuinuka bila kuvutwa. Mapaja yamelegea kwa kukosa kazi. Mgongo umepinda mbele kwa kukaa. Mapafu hayapanuki vizuri, choo kimekuwa kigumu, usingizi wa usiku umeharibika kwa kuwa mchana kutwa amesinzia. Hofu ya kuanguka imeongezeka, naye huanguka kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Familia husema, "Ugonjwa umezidi." Kweli umezidi, lakini sehemu moja ya udhaifu huo haikuletwa na Parkinson. Imeletwa na kiti.

Hapa ndipo penye uamuzi mzito kwa mke na watoto. Kumwacha mgonjwa atembee kuna hatari ya kuanguka, na kumzuia asitembee kuna hatari kubwa zaidi, ila hiyo haionekani kwa siku moja. Mwenye busara hachagui kiti. Huchagua mwendo uliopangwa, wenye kushika tahadhari.

Yaliyothibitishwa

Zamani madaktari wengi waliwaambia wagonjwa hawa wapumzike. Siku hizi mafundisho yamegeuka. Mwaka 2012 watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 195 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi lililofanya tai chi, yaani mazoezi ya polepole ya Kichina ya kuhamisha uzito wa mwili, mara mbili kwa juma kwa miezi sita, lilisimama imara kuliko mengine, na lilianguka mara chache kuliko kundi lililojinyoosha tu.

Mwaka 2018 huko Marekani ilitolewa taarifa ya wagonjwa 128 wa hatua za mwanzo ambao hawakuwa wameanza dawa. Waliotembea kwa nguvu juu ya mashine, moyo ukipiga kwa asilimia 80 hadi 85 ya upeo wake, walimaliza miezi sita dalili zao za mwendo zikiwa karibu palepale, na wale ambao hawakupangiwa zoezi dalili zao zilizidi. Mwaka uliofuata, 2019, Waholanzi walionyesha kwamba wagonjwa walioendesha baiskeli isiyoondoka mahali pake, nyumbani kwao, dakika 30 hadi 45 mara tatu kwa juma, walikuwa na hali bora ya mwendo kuliko wenzao waliojinyoosha tu.

Karibu na kwetu, mwaka 2010 ilichapishwa kazi ya watafiti waliofanya majaribio kaskazini mwa Tanzania kwa wazee wenye Parkinson ambao hawakuwa wamewahi kupata dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio wa kipimo kimoja. Mwendo wao ukawa bora, hata walipotakiwa kufanya jambo jingine huku wakitembea. Nguo za michezo za bei hazikuhitajika, wala jumba la mazoezi.

Askari wengi wa rika la juu wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana dalili za ugonjwa huu. Mwaka 1996, mikono ikitetemeka mbele ya dunia nzima, aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta. Alifariki mwaka 2016, miaka 32 baada ya kuambiwa. Yafaa kujifunza mawili kwake: kwamba mwili wenye nguvu za ujanani si kinga, na kwamba kuambiwa jina la ugonjwa si kuambiwa siku ya kufa. Tangu mwaka 2006, mjini Indianapolis, Marekani, wagonjwa wa Parkinson hufundishwa hata mazoezi ya ngumi, ya kupiga mfuko bila kupigana na mtu, kwa sababu ngumi hudai kasi, mizani na mkono ulionyooka.

Kabla ya kuanza

Kwanza, mgonjwa apimwe na daktari, hasa moyo na shinikizo la damu, na aonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitali ilipo na mtaalamu huyo. Yeye ndiye atakayempangia kipimo. Mazoezi ya nguvu yasianzwe kwa kusoma gazeti.

Pili, wakati uchaguliwe. Mgonjwa atumiaye dawa ya levodopa huwa na saa ambazo mwili ni mwepesi na saa ambazo mwili ni mzito. Mazoezi yafanywe katika saa nyepesi, mara nyingi baada ya dawa kushika kazi. Wagonjwa wengine wameona kwamba nyama, maharagwe au maziwa mengi pamoja na kidonge hupunguza nguvu yake. Kwa hiyo daktari huagiza kidonge kimezwe kama nusu saa kabla ya chakula. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Kufanya hivyo ni hatari kubwa.

Tatu, mahali pawe tayari. Mikeka inayoteleza iondolewe, waya za redio zisipite njiani, taa ya chooni iwake usiku. Mgonjwa avae viatu vilivyofungwa nyuma, si kandambili. Kiti kiwe kizito, kiegemezwe ukutani, na mtu mmoja awe karibu.

Wataalamu hushauri jumla ya kama saa mbili na nusu za mazoezi kwa juma, zilizogawanywa katika siku nyingi. Ni afadhali dakika 20 au 30 kila siku kuliko saa mbili Jumapili na maumivu Jumatatu. Kanuni moja itawale yote: kila tendo lifanywe kubwa. Mgonjwa akiona anazidisha, huenda ndiyo kwanza amefikia kipimo cha mtu mzima.

Mazoezi ya nyumbani

1. Kunyoosha mgongo. Mgonjwa asimame kisigino, makalio, mabega na kichwa vikielekea ukutani kadiri awezavyo. Avute pumzi ndefu mara tano. Kisha apandishe mikono yote miwili juu kama anayefikia rafu, na kuishusha. Mara kumi. Zoezi hili hupambana na kule kupinda mbele.

2. Kuinuka kitini. Asogee hadi ukingo wa kiti. Avute nyayo nyuma kidogo chini ya magoti. Ainamishe kifua mbele hadi pua ipite vidole vya miguu. Ndipo asukume chini na kuinuka kwa mkupuo mmoja. Wengi hushindwa kuinuka kwa sababu hujaribu wakiwa wameegemea nyuma. Aanze na mara tano, aongeze hadi mara kumi, asubuhi na jioni. Mapaja yenye nguvu ndiyo yatakayompeleka chooni peke yake, na hiyo ni heshima ya mtu mzima.

3. Kugeuza kiwiliwili. Akiwa ameketi, ageuke kulia na kuangalia nyuma yake, mkono wa kushoto ukifuata. Kisha kushoto. Mara kumi kila upande. Akakamaaye shingo na mbavu huanguka anapoitwa kutoka nyuma.

4. Hatua kubwa. Atembee uani kwa hatua ndefu, kisigino kikitangulia kugusa ardhi, mikono ikipunga hadi usawa wa mkanda. Mwenzake ahesabu kwa sauti ya kipimo kimoja. Aliyepitia depo hahitaji kufundishwa upya: "kushoto, kulia, kushoto, kulia" ya mkufunzi ndiyo tiba yenyewe. Asiye askari aweza kufuata ngoma, kofi, au wimbo aupendao wenye mdundo wa kutembea.

5. Mizani. Akiwa amesimama karibu na meza nzito, vidole vikiigusa tu, ahamishe uzito wa mwili polepole kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, kisha mbele na nyuma. Baadaye ainue mguu mmoja kwa hesabu ya tano. Zoezi hili lisifanywe bila mtu wa kumshika.

6. Mikono na maandishi. Achambue mchele au maharagwe kwa vidole, afunge na kufungua vifungo vya shati mwenyewe, aandike jina lake kwa herufi kubwa katika karatasi yenye mistari. Vikao viwili vya dakika tano vyatosha kwa siku.

7. Sauti. Avute pumzi, atoe "aaa" kwa nguvu na kuishikilia kadiri awezavyo. Kisha ahesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kutoa amri uwanjani. Watoto wa nyumba wasicheke; afadhali wahesabu pamoja naye. Sauti kubwa si ukali kwa mgonjwa huyu, ni zoezi.

Miguu inapoganda

Lipo jambo linalowatisha wengi. Mgonjwa anatembea, anafika mlangoni au anapotaka kugeuka, na mara nyayo zinagandamana na sakafu kama zimepigwa misumari. Kifua kinaendelea mbele, miguu imebaki nyuma, naye huanguka kifudifudi. Walio karibu humshika mkono na kumvuta. Hilo ndilo kosa. Kumvuta humwondolea mizani iliyobaki, na kumharakisha huzidisha kuganda.

Ifanywe hivi. Mgonjwa asimame kabisa, aache kushindana na miguu. Avute pumzi. Ajiweke wima, mguu sawa. Ahamishe uzito kulia, kushoto, kulia. Ahesabu, "moja, mbili," na kwa hesabu ya tatu apige hatua moja kubwa. Msaidizi aweza kuweka mguu wake mbele ya mgonjwa, kwa upande, ili mgonjwa auruke kama kizingiti. Pale ambapo huganda kila siku, kama mlango wa chumba au njia ya choo, vichorwe vistari vya chaki nyeupe kukatiza njia, vikiachana kwa urefu wa hatua yake nzuri, naye akanyage juu ya kila kistari. Chaki ni bei ndogo, na katika nyumba nyingi itafanya kazi ambayo mikono miwili ya kumvuta haikuweza.

Kugeuka nako kuna kanuni yake, nayo itamkera askari. Ile "nyuma geuka" ya uwanjani, ya kuzunguka juu ya kisigino, haimfai tena. Miguu hupishana, mtu akaanguka. Ageuke kwa kuzunguka kwa duara pana, hatua baada ya hatua, kama gari kubwa linavyozunguka uwanja. Vilevile asitembee huku amebeba sufuria au kujibu maswali. Akiitwa, asimame kwanza, ndipo ajibu. Jambo moja kwa wakati mmoja.

Kitandani, asijaribu kuinuka moja kwa moja kama zamani. Akunje magoti, ajigeuze ubavu mwili wote pamoja, ashushe miguu, asukume kwa mkono na kuketi. Abaki ameketi kwa dakika moja kabla ya kusimama, kwa maana ugonjwa huu na baadhi ya dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na kizunguzungu humwangusha.

Kazi ya mke na watoto

Mke wa mgonjwa hubeba mzigo usioandikwa popote. Huamka usiku kumgeuza, huosha, hupika, hujibu wageni. Si haki zoezi nalo liwe juu yake peke yake. Kijana wa kiume achukue hesabu ya hatua jioni. Mjukuu achukue kuhesabu sauti. Jirani aliyefanya kazi pamoja naye aje mara mbili kwa juma watembee hadi dukani. Mama naye apewe saa yake ya kupumzika bila kuulizwa anakwenda wapi.

Kuna jambo gumu zaidi kuliko kubeba, nalo ni kusubiri. Mgonjwa akifunga vifungo kwa dakika nane, mkono wa binti huwasha kutaka kumfungia. Amwache afunge. Wakati wa kumsaidia ni pale anapoomba, au anapokuwa katika saa yake nzito, au pale ambapo hatari ni dhahiri. Badala ya kumwambia "Kaa, Baba, utaanguka," aambiwe, "Simama kwanza, Baba. Hesabu. Haya, hatua kubwa." Mzee aliyeongoza watu kwa miaka 30 hujua tofauti kati ya maneno hayo mawili, hata kama uso wake uliokakamaa hauonyeshi. Uso huo usiwadanganye watu wa nyumbani. Mgonjwa ambaye hatabasamu huenda amefurahi. Lakini akionekana hana hamu ya chakula wala ya watu kwa majuma kadhaa, daktari aambiwe, kwa sababu huzuni kubwa ni sehemu ya ugonjwa huu na ina tiba yake.

Zoezi likatishwe na msaada utafutwe mara moja endapo mgonjwa atapata maumivu ya kifua, pumzi kumwishia, au kuzirai. Aliyeanguka na kuumia nyonga asiinuliwe kwa nguvu. Abaki alipo hadi msaada ufike.

Kipimo cha haki

Isisemwe kwamba mazoezi huponya Parkinson. Mpaka leo hakuna dawa wala zoezi lililothibitishwa kurudisha chembe zilizokufa. Levodopa, iliyoenea tangu mwisho wa miaka ya 1960, hurudisha mwendo kwa muda wa saa chache, na mgonjwa huihitaji hata akifanya mazoezi kila siku. Auzaye mafuta ya kuchua akidai yataondoa mtetemo kwa siku saba anataka fedha ya pensheni tu.

Kile ambacho mazoezi hutoa ni kidogo kwa kutajwa na kikubwa kwa kuishi nacho: kuinuka kitini bila kuvutwa, kwenda msalani peke yake, kusikika anaposalimu wageni, kupita mlangoni bila kuanguka. Faida hizo hudumu maadamu zoezi linadumu. Likiachwa kwa miezi, nazo huondoka.

Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hii na ianze na mambo matatu juma hili. Aonwe na daktari. Vichorwe vistari vya chaki mlangoni. Na kiti cha barazani kibaki pale kwa ajili ya kupumzika baada ya matembezi.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kuzuia watoto wadogo wasiungue jikoni.